Mvua ya Siku ya Kufungua Shule

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mahindi ya mbegu yaliyokuwa darini kwa jirani yangu Mbodze. Yalikuwa juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, na yote kwa pamoja hayakufika debe. Mbodze ni mjane mwenye watoto wanne. Misimu miwili mfululizo alipanda siku niliyomwambia apande, na misimu yote miwili mvua ilinyesha siku tatu, mahindi yakachipua, kisha jua likayakausha yakiwa hayajapita kifundo cha mguu. Machi ile, miaka ya tisini ikielekea mwisho, alinijia shuleni akasimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, mara hii nipande au ningoje?"

Aliniuliza mimi kwa kuwa kijijini kwetu, nyuma ya Mariakani, mwenye chombo cha kupimia mvua ni mimi. Kimesimama uani mwa shule, kopo la shaba lenye mdomo wa faneli, na kila siku saa tatu asubuhi mtu hulifungua, hupima maji yaliyomo na kuandika. Nimeandika miaka kumi na saba, madaftari matano. Juu ya hayo, kila Machi huletewa barua kutoka ofisi moja ya serikali iliyoko Tudor, Mombasa, inayosema watu wapande katikati ya mwezi, nami huisoma barazani kwa sauti ya mtu anayejua. Barua haikubadilika tangu nilipokuwa kijana. Mvua ndiyo iliyobadilika. Basi niliazimia kuyapeleka madaftari yangu Tudor, wayaone kwa macho yao, wabadilishe ile tarehe au watuletee mbegu za muda mfupi. Nilimwomba Mbodze asipande mpaka nirudi, akaniambia nisikawie kwa sababu mawingu yameshaanza kukusanyika.

Jumanne alfajiri nilipanda lori la makaa. Siku hizi magari yanayotoka kwetu kwenda mjini hubeba makaa tu, na ukitaka kusafiri unakaa juu ya magunia na kufika mweusi. Nami nilikuwa na gunia langu. Mtu haendi kwa ndugu zake wa mjini mikono mitupu, na kwa miaka mingi nilimpelekea mama mdogo wangu mahindi mabichi, pojo na korosho. Mwaka huo shamba halikuwa na kitu. Nilikata mti wa mkone uliokuwa nyuma ya choo, nikauchoma, nikapata nusu gunia. Njiani barabara ilikuwa mashimo matupu na pande zote mbili nilihesabu visiki mpaka nikachoka.

Saa nne lori lilinishusha Makupa. Nilibeba gunia begani na madaftari kwapani, nikapita Mwembe Tayari, nikapita Marikiti, nikaingia vichochoro vya Mji wa Kale. Joto la Mombasa la Machi halina adabu, ila mwaka ule lilizidi. Wenye maduka walikuwa wameketi nje na magazeti ya kujipepea, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunikaribisha ninunue. Nilisimama mara nne kupumzika kabla ya kufika mtaa wa Kuze.

Mamdogo Mwanaisha ni mdogo wake mama, mtoto wa mwisho kwao. Aliolewa Kuze zaidi ya miaka arubaini iliyopita, akawa Mmvita kwa maneno na kwa mapishi, na Kiduruma chake kimebaki cha kukemea paka. Nilimshika mkono, akaniuliza hali yangu, ya mke wangu, ya watoto, ya mvua, ya kila mmoja kwa jina, na muda wote jicho lake lilikuwa kwenye gunia. Nilipolifungua alichungulia ndani.

"Zamani mkiniletea mahindi na pojo," akasema. "Mwaka huu mwaniletea miti."

Hakusema kwa ubaya, lakini niliona aibu. Alichukua yale makaa, akawashia meko, akapika.

Adhuhuri tulikula wali na mchuzi wa samaki. Ulikuwa wali mzuri, chumvi imekolea, nami nikamsifu. Mamdogo akaniambia kwamba zamani, akipika mchele wa kibaba kwa maji ya kisima, alikuwa akitia chumvi kijiko kimoja. Baadaye akaona wali umezidi, akapunguza ikawa nusu kijiko. Baadaye ikawa chembe za kushika kwa vidole.

"Leo sikutia munyu kabisa," akasema. "Huo walao wewe, ni wa kisimani."

Alinichukua nikione kisima. Kimejengwa ndani ya ukuta, nusu kwake na nusu kwa jirani yake Bi Fatuma, kama visima vingi vya nyumba za zamani za Kuze, hivi kwamba wanawake wawili wanaweza kuteka maji na kuzungumza kila mmoja akiwa kwake. Kilichimbwa na babu wa marehemu mumewe. Nilionja yale maji kwa kiganja, nikatema. Wengine wasema bahari imepanda, akanieleza, wengine wasema mvua haishuki tena ardhini, wengine wasema watu wamekuwa wengi na visima vimekamuliwa. Alikuwa amepika mara hiyo kwa maji hayo ili nijionee mwenyewe. Ya kunywa alinipa kutoka pipa jingine, na yalikuwa matamu. Sikuuliza yalikotoka kwa sababu akili yangu yote ilikuwa Tudor.

Jumatano saa mbili nilikuwa nimeshafika ofisini. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tano na nusu, chini ya feni iliyokuwa ikizunguka kwa shida. Aliyenipokea ni Bwana Karisa, Mgiriama wa makamo, mpole, shati lake limeloa mgongoni. Nilimweleza habari za barua, za mvua, za Mbodze. Nikamwekea madaftari matano mezani. Kusema kweli nilikuwa na majivuno. Nilidhani atawaita wenzake waje kuona.

Alisoma polepole, akirudi nyuma na kwenda mbele. Akaniambia kwamba wataalamu wa nchi za mbali wanasema dunia yote inapata joto, kwa moshi wa viwanda na magari na misitu inayochomwa, na kwamba mikutano inaendelea. Nikamuuliza mikutano itakwisha lini. Alicheka bila furaha, akasema kila mwaka hupata tarehe ya mkutano mwingine. Kisha akageuza daftari likanielekea, akaweka kidole.

"Mwalimu, Aprili hizi ulikuwa wapi?"

Nikatazama. Aprili ya mwaka wa kwanza, sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Aprili ya mwaka uliofuata vivyo hivyo. Na kila mwaka, siku ya kwanza ya muhula, mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Agosti hivyo hivyo, Desemba hivyo hivyo.

"Hapa kwenu," Bwana Karisa akasema, "mvua husubiri shule ifunguliwe."

Nilikasirika kwanza. Nilimwambia kwamba mshahara wangu ni wa kufundisha, kwamba hakuna aliyenilipa kwenda shuleni wakati wa likizo, kwamba nilikuwa na shamba la kulima. Hasira ilipoisha ulibaki ukweli, nao ulikuwa mdogo na mbaya. Shule ikifungwa nilikuwa nikihama hapo kijijini kwenda shambani kwangu upande wa pili wa mto, na kopo nikaliacha lijikusanyie maji lenyewe. Nikirudi nilikuwa nikimimina yote, kama hayakufurika wala kukauka, na kuyaandika siku hiyo moja. Zile sifuri nilizijaza nimeketi, kwa kalamu moja, dakika tano. Aprili ndiyo moyo wa masika yetu, na kwa miaka kumi na saba sikwenda kuitazama. Nyumbani nilikuwa nikiilaumu serikali kwa kutotazama.

Bwana Karisa hakunidharau. Alisema kurasa za Machi ni safi, nizitunze, lakini kubadilisha tarehe ya kupanda ni kazi ya makao makuu Nairobi, nao wataanza kwa kuuliza Aprili. Niandike sawasawa miaka kumi, bila pengo, ndipo tutakuwa na la kuwaonyesha. Miaka kumi, na Mbodze ana mbegu zisizofika debe. Nilipomwambia hivyo alivua miwani, akajipangusa uso, akasema barua ya mwaka huu imeshatoka chapani na tarehe ni ile ile. Alionekana amechoka kuliko mimi.

Alasiri nilirudi Kuze kwa miguu. Sikutaka kuzungumza na mtu. Mamdogo alinipa kahawa, nikamsimulia yote, hata zile sifuri. Hakunituliza. Alinipandisha ngazi mpaka juu ya paa, huku akilalamikia magoti yake, akanionyesha mabati yaliyokunjwa na kupigiliwa ukingoni, yakishuka mpaka kwenye mapipa mawili ya plastiki na birika ya zamani ya kuwekea maji, iliyozibwa nyufa kwa chokaa. Yale maji matamu niliyokunywa yalitoka hapo, mabaki ya mvua za mwisho. Bi Fatuma naye alikuwa na mabati yake, na nyumba ya tatu walikuwa wanafunga yao. Niliuliza kama kuna mtaalamu aliyewapimia kisima kabla ya kuingia gharama ile. Akasema wazee wa mtaa waliandika barua, na mpaka leo wangoja majibu.

"Wewe hukungoja?"

"Watu wanywa maji kila siku, mwanangu. Nalionja mara tatu nikajua. Ningengoja nini?"

Kisha akatazama magharibi, upande wa kwetu, akasema mapipa yale hayatafaa kitu kama mvua yenyewe haiji, na kwamba nikija tena nije mikono mitupu, mti niuache. Nilimuahidi.

Alhamisi nilirudi na lori lile lile, safari hii juu ya magunia matupu. Tulipopita Mazeras matone makubwa yalianguka, vumbi likanukia vizuri, na dereva akapiga honi kwa furaha. Mimi nilijikunyata, nikafungua daftari chini ya kitambaa cha gunia, nikasoma Machi zangu safi. Mwaka baada ya mwaka, mara sita katika miaka minane ya mwisho, ilikuwa vile vile: siku tatu za mvua, kisha wiki mbili au tatu kavu. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa mkono wangu. Sikuwahi kuketi kuyasoma.

Nilifika nikakuta watu tayari wana majembe. Mbodze alikuwa ameshateremsha mahindi darini, yako ndani ya ungo. Niliomba watu wakutane uani mwa shule, na pale mbele ya kopo langu la shaba nikawaambia. Niliwaambia barua inasema wapande sasa, na kwamba sitaisoma. Niliwaambia habari za Aprili. Ilikuwa vigumu kuliko kitu chochote nilichowahi kusema mbele ya watu, wengine wao wanafunzi wangu wa zamani. Mzee mmoja aliguna, akaondoka. Kisha nikawasomea zile Machi, mwaka mmoja mmoja, mpaka wao wenyewe wakaanza kutaja tarehe kabla sijafika.

"Sijui mvua itakuja lini," nikamwambia Mbodze. "Ila hii si yenyewe. Tia konzi mbili ardhini kama huwezi kuvumilia. Nyingine zirudishe juu."

Aliutazama ungo wake. Hakuwa na sababu ya kuniamini na sote tulijua. Akachota konzi moja tu, akazirudisha nyingine.

Mvua ile ilinyesha siku tatu. Konzi moja ya Mbodze ilichipua, ikakauka kabla mwezi haujaisha. Wale waliopanda zote wanajulikana, na sina haja ya kuwataja.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimechelewa. Nilikwenda Mombasa kuwataka watu wafanye jambo haraka, nikagundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa likizoni. Bado naamini ofisi ile ina deni la kazi, na wenye viwanda wana deni kubwa zaidi, na nitaendelea kuwaandikia. Lakini mikone michanga minne imepandwa nyuma ya choo, na mke wangu huimwagia maji ya kuoshea vyombo.

Shule ilifungwa Aprili. Siku ya kwanza ya likizo nilivuka mto asubuhi, nikapanda kilima, nikafika uani saa tatu kamili. Mbodze alikuwa amesimama kwenye ua wake karibu na shule, mbegu zake zingali darini, akinitazama. Nililifungua kopo, nikaliinamisha juani, nikaingiza kidole. Halikuwa na hata unyevu. Nikafungua daftari na kuandika sifuri, ya kwanza ya Aprili niliyokwenda kuiona.