Sindano ya Mama Mukwe

Wanawake wa Murara, mutaa wetu hapa Goma, wanaijua hii habari nusu, na ile nusu wanayoijua ndiyo mbaya, basi wacha niandike yote mara moja na aibu yangu niiweke juu kabisa, kama gunia la mwisho juu ya lori: mimi, muke wa ndoa ya kanisa, niliyefika mwaka wa nne wa sekondari (ningemaliza, lakini tumbo lilitangulia), nilipigwa sindano ya sopisi, ule ugonjwa wa kulala huku na huku, kwa tako la kuume, na sopisi sikuwa nayo. Hata kikohozi sikuwa nacho.

Ilianza na mama mukwe wangu. Anaitwa Masika, na mimi pia naitwa Masika, si ajabu, kwetu Wanande binti wa kwanza anaitwa vile, na tangu serikali ikataze majina ya ubatizo, ukiita Masika kwa soko wanageuka watu kumi. Alitoka Butembo kuja kunisaidia nilipozaa. Mutoto akafika miezi minane, mama mukwe bado yuko. Muzee, bwana yake, kila lori la viazi lililokuja Goma alilituma na neno moja: muke wangu anarudi lini?

Mimi sikuuliza. Lakini nyumba yetu ni ya mbao, na nyumba ya mbao inasema yote. Nilisikia vile anavyoingia mahali pa kuogea na maji ya moto, chumvi, na kipande cha sabuni ya kufulia, na vile anavyonung'unika kule ndani, kisha anatoka akitembea kama mutu asiye na viatu juu ya mawe ya volkano. Kwa misa, watu wakikaa, yeye anapiga magoti. Padri alimusifu kwa ibada.

Siku moja tulikuwa tunachagua maharagwe, mutoto amelala, akasema bila kuinua macho:

"Muke wa Kambale, wewe ulisoma."

"Kidogo, Mama."

"Kule chini kunauma."

Niliendelea kuchagua maharagwe. Ningemutazama angenyamaza.

"Tangu lini?"

"Tangu damu ilikatika. Sasa ni mwaka wa tatu. Kunakauka, kunawasha, mukojo ukipita unachoma, ni kama mutu alinisugua na lile jiwe la kusugulia miguu. Na muzee akinikaribia..." Hakumaliza. "Ndio maana niko hapa. Usifikiri ni chakula chako kinanikalisha."

Nikamwambia twende dispanseri. Akauliza atasema nini kwa dirisha, mbele ya watu wote. Nikamwambia nitasema mimi. Akanishika mukono, akaniapisha kwamba Kambale, bwana yangu, mutoto wake, hatasikia hata neno moja.

"Mutoto mwanaume hasikii habari ya kule alikotokea," alisema. "Siku atasikia, sitamutazama tena kwa macho."

Nikaapa. (Niliapa nikiwa na kichwa cha maharagwe, sikujua bei ya kile kiapo.)

Sasa, mutu asiyeijua ile dispanseri yetu ya kartier, ya mutaa, aelewe: kuna dirisha, nyuma ya dirisha kuna muganga kijana, mbele yake kuna benchi limejaa wanawake, na muganga anauliza kila kitu kwa sauti ya kuuza kuku. Tulipofika akauliza jina. Nikasema Masika. Akauliza ugonjwa. Mama mukwe akaangalia mabati juu. Wanawake wa benchi wakaacha mazungumzo yao, wote kwa mara moja, kama redio iliyoisha pili, betri zake.

"Masika ni nani kati yenu wawili?"

Nikasema: "Ni mimi."

Haikuwa uongo. Masika ni mimi. Yale mengine yote yalitoka pale.

"Kunauma wapi, citoyenne?" akauliza, kwa lile neno la serikali la kumuita kila mwanamuke raia.

"Chini."

"Kunawasha?"

Nikageuka kidogo. Mama mukwe, aliyesimama nyuma yangu na mutoto mugongoni, akainamisha kichwa. Nikasema kunawasha. Akauliza kama mukojo unachoma. Nikageuka tena, nikasema unachoma. Nilikuwa kama mwanafunzi anayenong'onezewa majibu kwa mutihani. Akauliza tangu lini, na mama mukwe akainua vidole vitatu.

"Miaka tatu," nikasema.

Muganga akaweka kalamu chini, akamwangalia yule mutoto wa miezi minane, akaniangalia mimi. Benchi lote lilifanya hesabu pamoja naye.

Kule ndani akaniambia nilale anipime. Nikakataa, maana angeangalia asingeona kitu. Nikamwambia siangaliwi na mwanaume. Akasema sawa, kuwasha na kuchoma na miaka tatu, hiyo ni sopisi, haiko na jina lingine, geuka. Nikafikiri haraka (ndio ubaya wa kusoma kidogo): nikubali sindano, kisha nitapewa vidonge, na vidonge nitamupelekea mama mukwe. Nikageuka. Vidonge hakunipa. Alisema sindano ni tatu, nirudi kwa zile mbili, na nilete bwana yangu, maana kwa ugonjwa ule hawatibu mutu mumoja.

Nikatoka nikivuta mguu. Mama mukwe akaniuliza polepole:

"Wamekupa dawa?"

"Wamenipa."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akatazama, akafikiri, akasema, "Pale haitanisaidia mimi," kisha tukarudi nyumbani.

Sikurudi kwa zile sindano mbili, na bwana sikumupeleka. Niliona mambo yameisha. Lakini Jumamosi ilikuwa salongo, ile kazi ya serikali, kama kila Jumamosi, kartier yote iko barabarani na jembe na fagio, tunatoa mawe kwa mufereji, wanaume upande mumoja, wanawake upande mwingine, na muganga naye yuko, maana salongo haimuachi mutu. Akamwona Kambale. Wako mbali kama hatua ishirini. Angeweza kutembea zile hatua.

"Citoyen Kambale," akaita kutoka pale alipo, "tunakungoja na bibi yako kwa ile sindano. Ugonjwa wa miaka tatu si wa kuchezea."

Majembe yakasimama. Mwanamuke mumoja karibu yangu akavuta fagio lake pembeni, kana kwamba ugonjwa unapita kwa fagio.

Kambale hakuniangalia. Hakuniuliza. Akaweka jembe chini, akafuatana na muganga palepale, akamuomba afungue dispanseri, akapigwa sindano ya kwanza hata mufereji haujaisha. Zile mbili zingine alipigwa siku zilizofuata, asubuhi na mapema, bila mutu kumukumbusha. Niliyaona haya yote kwa macho yangu na sikuyafikiri, maana nilikuwa bado nafikiri yale aliyoniambia aliporudi nyumbani, akisimama kwa mulango:

"Nimetuma neno kwa baba. Atakuja. Wewe utarudi kwa baba yako Butembo, na mutoto akiacha ziwa atabaki kwa ukoo wetu."

Nilimutazama mama mukwe. Alikuwa anapepeta mchele. Mchele ule ulikuwa safi tangu zamani, bado anapepeta.

Muzee alifika kwa lori la viazi, na Jumapili baada ya misa wakakaa nyumbani kwangu: muzee, ndugu zake wawili wanaokaa Goma, Kambale, mama mukwe kwa mukeka, na mimi karibu na mulango na mutoto kwa ziwa. Wakauliza nani alinipa ugonjwa. Nikasema sina ugonjwa. Wakauliza kwa nini basi nilisema kwa dirisha kwamba kunawasha. Nikanyamaza. Ndugu mukubwa wa muzee akasema mwanamuke anayenyamaza amejibu. Kambale akaongeza kwamba hata sasa hivi ukiniangalia unaona, na sijui aliona nini, maana nilikuwa nanyonyesha mutoto wake. Kiapo kilikuwa bado kinanifunga. Nilijiambia, nahesabu mpaka kumi, kisha nasema yote, na mama mukwe aende kumutazama mutoto wake kwa macho ya nani sijui.

Nilifika saba.

"Kambale," mama mukwe akasema, "toka inje."

"Mama, hii kesi ni yangu."

"Toka."

Akatoka. Mama mukwe akavuta kitenge juu ya kichwa mpaka hatukumwona uso, akaongea kutoka kule ndani. Akasema ugonjwa ni wake, aliyeinua vidole vitatu kwa dirisha ni yeye, na huyu muke wa Kambale alichukua sindano ya bure. Akasema damu ilipokatika kule kulikauka, na kwamba alikuja Goma si juu ya mutoto wala juu ya kiburi, ni juu ya maumivu.

Ndugu wa muzee wakaangalia viatu vyao. Muzee akauliza kwa sauti ndogo:

"Na mimi nilifikiri umenichoka. Kwa nini hukusema?"

"Ungeniuliza."

Muzee akamwita Kambale arudi. Hakumwambia ule ugonjwa ni wa nani. Alisema tu kwamba muke wake ni muzima, hakuwahi kuugua, karatasi ya dispanseri ilikosewa. Kisha, kama mutu anayekumbuka kitu kidogo:

"Kambale, mutu safi akiambiwa ameiba, anauliza, nimeiba nini? Wewe ulikimbia kunawa mikono. Sindano tatu. Za nini?"

Sasa, bwana yangu ni konvoyeri, anakaa juu ya lori la maharagwe kati ya Goma na Masisi kwa njia ya Sake, analala njiani mara mbili kwa juma. Akafungua mudomo, akajibu mbio:

"Baba, ile ya Sake ilikuwa mara moja tu."

Hakuna mutu aliyekuwa ametaja Sake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Mbele ya wazee watatu, ziwa likiwa inje, nilicheka mpaka mutoto akaacha kunyonya akalia. Kicheko kile nacho kinasemwa Murara mpaka leo.

Juma lile nilimupeleka mama mukwe kwa mama muzalishaji muzee wa materniti, mulango umefungwa. Huyu alimupima, akasema si ugonjwa wa mutu yeyote, damu ikikatika ngozi ya kule inakuwa nyepesi na kavu, inatokea kwa wengi na wote wananyamaza. Akamukataza chumvi na sabuni, maji matupu tu, akamupa mafuta ya kupaka, akamwambia muzee asiwe na haraka. Muzee alikuwa anangoja inje na kofia mukononi. Nasikia aliambiwa mara ya pili, polepole, mpaka akaelewa. Baada ya wiki kadhaa walipanda lori pamoja, na mama mukwe akakaa juu ya gunia la chumvi bila hata kitambaa chini. Akanipungia mukono. Ile ndiyo asante niliyopata.

Kambale analala salon, kwa viti vya wageni. Kuomba pardon bado. Na yule muganga, Jumamosi iliyofuata, kwa mufereji uleule, hakuita mutu kutangaza kwamba alikosea. Aibu yangu ilisemwa barabarani, ukweli ulisemwa ndani ya nyumba, na wanawake bado wanavuta ndoo zao nikifika kuteka maji ziwani.

Basi nimeapa kiapo kingine, hiki nimekifikiri bila maharagwe mukononi. Sitasema tena "ni mimi" kama si mimi. Na siku damu yangu itakatika, na kule kukauke kama kwa mama mukwe, nitaenda kwa dirisha lilelile, na muganga akiuliza ugonjwa, nitamujibu kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kuuza kuku, mpaka watu wa mufereji wasikie.