Kadi ya Mwigizaji

Kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba wake chini, Bi Kadi huinua mkono wa simu ya mezani, akausikiliza mlio wake kwa muda wa pumzi mbili, kisha akaurudisha mahali pake. Hampigii mtu. Anataka tu kujua kama laini iko hai. Akisharidhika ndipo hufungua dirisha na kuchonga penseli, siku yake ikaanza.

Jina la Bi Kadi alipewa na waandishi wa gazeti, kwa sababu ya makabati kumi na manne ya chuma yaliyojaa kadi alizoziandika kwa mkono wake, kila mtu na kadi yake: mawaziri, wanasoka, waimbaji, hata majambazi waliopata umaarufu. Kazi yake ni kuhakiki. Makala haichapwi mpaka aipitie, apigie kila jambo mstari, na juu ya mstari atie alama ya vema. Na vema yake haitoki bure. Kila jambo lazima liwe na mashahidi wawili, "na wasiwe wanachota kisima kimoja," kama anavyopenda kusema. Miezi saba niliyofanya naye kazi, maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko salamu.

Salamu zenyewe zilikuwa chache. Chumba kiko chini kabisa ya ngazi, baada ya stoo ya karatasi, na waandishi walizoea kupenyeza makala chini ya mlango na kuondoka. Siku hizi wengi hawapenyezi kitu. Hutafuta wenyewe kwenye kompyuta. Bi Kadi hana mume wala mtoto. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alifariki zamani. Chakula cha mchana hukila taratibu ameelekea ukutani, gazeti la jana limekunjwa chini ya bakuli. Simu inaweza kumaliza wiki bila kulia.

Jumanne moja akafariki mwigizaji ambaye wanawake wa umri wa mama yangu walikuwa bado wanamwita "wangu". Jumatano mhariri wa makala akashuka mwenyewe na taazia ya ukurasa mzima.

"Bi Kadi, hii ni ya Jumamosi. Huyu wamemwandika mpaka basi, hutatoka jasho."

"Walioandikwa sana ndio wanaonitoa jasho," akajibu bila kuinua kichwa.

Alianza na mwaka wa kuzaliwa. Cheti cha shule na pasipoti vikakubaliana. Mwandishi alisema filamu ishirini na nne. Bi Kadi akapata ishirini na tatu, kwa kuwa moja ilitangazwa tu, haikumalizika kupigwa picha. Penye "mtoto wa pekee wa fundi saa" akapita haraka, maana kadi ya mwigizaji ilikuwa na vema mbili hapo. Lililomkwamisha ni kazi ya mama: taazia ilisema mwalimu, kadi ilisema mshonaji. Basi akapiga namba ya zamani ya nyumba ya wazazi.

Akapokea mwanamke mwenye sauti kavu. Chumba kilikuwa kimya, nami nilisikia kila neno.

"Mama alikuwa mshonaji," alisema. "Suti ya filamu ya kwanza aliishona yeye. Mimi nilitia vifungo."

"Samahani, naongea na nani?"

"Dada yake."

"Dada kwa upande wa mjomba, au shangazi?"

"Kwa upande wa tumbo moja. Kwani unapiga kutoka gazeti gani?" Bi Kadi akalitaja. "Aa. Basi ni nyinyi. Kaka yangu amekufa jana. Mimi mlinizika miaka ishirini na sita iliyopita."

Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba tangu gazeti liandike "mtoto wa pekee", mtaani alionekana mwongo. Fundi viatu wa pale kona alikuwa akimwita "dada wa sinema" na kumuuliza amezaliwa lini.

"Nilipiga simu hapo kwenu. Mtu akaniambia nisubiri. Nikasubiri mpaka chai ikapoa, nikakata."

"Na yeye mwenyewe hakusahihisha?"

"Ilimfaa. Mtoto wa pekee huonewa huruma. Akaniambia, dada, hayo ni mambo ya filamu tu, hayafiki nyumbani. Yakafika."

Bi Kadi alikuwa anaizungusha penseli kati ya vidole. "Nakuamini, dada. Lakini wewe ni shahidi mmoja. Nahitaji wa pili."

Mwanamke akacheka kidogo. "Yaani nikuletee cheti kwamba nipo?"

"Nielekeze. Nitakuja mimi."

Kesho yake tukaenda. Ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, cherehani imefunikwa shuka, na makopo ya maziwa yamejaa vifungo, kila rangi kopo lake. Alitutolea picha ya watoto wawili mbele ya duka la saa, mvulana amenyanyua kidevu, msichana amemshika mkono wa shati. Nyuma, kwa mwandiko ambao Bi Kadi aliujua kutoka kwenye barua za mwigizaji zilizomo kwenye faili, palikuwa pameandikwa: *Mimi na dada, siku niliyovunja saa ya mteja, akapigwa yeye.*

Wakati wa kuagana alimshika Bi Kadi mkono, hakuuachia upesi.

"Mimi hapa naongea na cherehani," alisema.

"Mimi na makabati," akajibu Bi Kadi.

Ofisini akaitoa kadi akaisoma upya. Shahidi wa kwanza alikuwa kipeperushi cha kampuni ya filamu. Aliikumbuka wiki ile: mama yake alikuwa amelazwa, naye alilipua kazi ili awahi saa ya kuona wagonjwa. Shahidi wa pili, aliyeongezwa miaka sita baadaye, alikuwa kitabu cha maisha ya mwigizaji. Akakishusha rafuni, akafungua kurasa za mwisho zinazoonyesha habari zilikotoka. Jambo lile mwandishi wa kitabu alilitoa kwenye gazeti letu, toleo lile lile alilolihakiki Bi Kadi mwenyewe. Alikuwa amejiita mwenyewe kuwa shahidi wa pili. Alikaa na kadi mkononi mpaka maji ya birika yakachemka, yakapoa.

"Tufute maneno matatu, yaishe," alisema mhariri. "Nani atakumbuka?"

"Anayekumbuka nimetoka kunywa chai yake."

"Haya, tuweke masahihisho. Gazeti linaomba radhi."

"Gazeti halikutia vema. Nilitia mimi. Andika jina langu."

Mhariri akavua miwani. "Bi Kadi, miaka thelathini na moja jina lako halijatoka humu hata mara moja. Umebakiza mwaka ustaafu. Wote uliowarudishia makala zao watalikata walibandike ukutani."

"Walibandike. Na chini yake weka namba ya simu ya chumba changu."

Masahihisho yakatoka Jumamosi chini ya taazia, pamoja na jina lake kamili na namba. Jumatatu kipande hicho kilikuwa kimebandikwa kwenye mlango wa chumba cha habari, kimezungushiwa wino mwekundu. Bi Kadi hupita hapo kila siku akienda kuchukua barua. Hakukibandua. Kwenye kadi ya mwigizaji alifuta vema mbili za zamani, akaandika *ana dada*, akatia mbili mpya.

Katika miezi yote ile sikuwahi kumuuliza jambo lisilo la kazi. Wiki ya sita tangu masahihisho yatoke, asubuhi, aliporudisha mkono wa simu mahali pake, nikamuuliza kama yule dada amewahi kupiga.

"Bado," alisema, akachukua penseli. "Lakini simu ni nzima."