Nilivyosikia Baridi Katika Jua la Maskati

Namshukuru Mola aliyenibakishia pumzi ya kuyasimulia haya. Nawasimulia nyinyi mnaodhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba aliyezoea joto halimdhuru.

Nilikuwa mwanamke wa shoka. Mwalimu mstaafu, miaka hamsini na sita, nakaa Mawaleh, hapa Maskati, na aliyelalamika joto mbele yangu nilimcheka. Nilichokiogopa ni malaria tu, maana nilikuwa nimerudi kutoka Unguja wiki mbili nyuma na mbu walinila wakashiba.

Binti yangu Ruqaiya alisoma Marekani, akarudi na mapenzi ya besiboli. Aliposikia wachezaji wa kulipwa watakuja kucheza hapa kwetu, kwenye uwanja wa kriketi, alikata tiketi tatu: yake, yangu, na ya dada yangu mkubwa, Zuwena. Ilikuwa mwezi wa tano, saa tisa alasiri. Tulibeba tende, chupa ya kahawa ya moto na blanketi la kukalia. Maji tulichukua chupa moja.

Mchezo wenyewe hauna saa. Mpira wa miguu unajua utakwisha lini, lakini huu unaendelea tu mpaka wachezaji wa kila upande watolewe. Kila nikiuliza, Ruqaiya alijibu, "Bado kidogo, Mama." Kichwa kikaanza kunigonga. Misuli ya miguu ikakaza. Mchezaji mmoja nikamwona wawili. Nilinyamaza ili nisimharibie mtoto furaha yake, na huo ulikuwa ujinga wangu.

Kisha nikasikia baridi. Baridi hasa, meno yanagongana, na jua liko usoni.

"Ya Rabbi, hii homa ya kwetu," alisema Zuwena. "Si nilikwambia ulale ndani ya chandarua? Twende garini."

Alinilaza kiti cha nyuma, akamwamuru Ruqaiya azime kiyoyozi, akanifunika blanketi mpaka shingoni na kuninywesha kahawa. "Mwache atoke jasho, homa itamtoka." Ndivyo mama yetu alivyotuuguza Unguja, na sote tulipona. Nilijikunyata humo nikamshukuru dada yangu. Nilikuwa nakufa, wala sikujua.

Baada ya kama dakika kumi nikatapika kahawa yote. Nikaanza kumwita mama, aliyefariki zamani. Zuwena akanitia mkono kwapani kutazama kama jasho limeanza. Pakavu. Nakumbuka uso wake ulivyobadilika.

"Ruqaiya! Mamako hana jasho hata tone! Kimbia, kaite mtu!"

Muuguzi wa uwanjani alikuja mbio na wenzake wawili, wote wanaume. Alinigusa shingo tu. "Mvueni nguo sasa hivi. Leteni barafu!"

Mimi niliyekuwa sijitambui, hapo nikajitambua. Nikaing'ang'ania abaya yangu kwa vidole vyote na kumtukana dada yangu.

"Nikuvue leo au nikukoshe maiti kesho?" alinifokea huku analia. "Miye nnakuvua!"

Akaichana. Ruqaiya akalishika lile blanketi likawa pazia, na ndoo za barafu ya wachezaji zikamwagwa kifuani, makwapani na kwenye nyonga zangu.

Safari ya hospitali siikumbuki. Nilizinduka siku ya tatu, midomo imepasuka, mkojo ndani ya mfuko una rangi ya kahawa. Daktari hakuzungusha maneno. "Si malaria, Mama. Ni kiharusi cha joto. Figo zako zimeumia. Tunangoja."

Tulingoja siku nne. Kila asubuhi niliutazama ule mfuko kabla ya kutazama uso wa mtu. Rangi ikawa ya chai, kisha ya njano. Ruqaiya alilia kwa furaha ya mkojo.

Zuwena alikuwa amesimama mlangoni, anaogopa kuingia. "Nusura nikuue, Salma."

Nilimwita, nikamshika mkono. Sikuwa na hasira naye hata chembe. Ningekuwa mahali pake, nami ningemfunika mgonjwa vilevile.

Kwa hiyo nawasihi: mtu akisikia baridi juani, msimfunike. Mtoeni juani, mvueni, mmwagieni maji, mwiteni daktari. Akikataa kwa aibu, msimsikilize. Mimi hadi leo nikiikumbuka siku ile naona haya. Alhamdulillahi naona haya. Maiti haoni.