Pale Mtandao Usiposhika

Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva wa Fuso, na mimi nilikuwa mwandishi wa jarida la barua pepe. Mama yetu, pale Ihanda, alielewa kazi moja tu kati ya hizo mbili. Watu walipomuuliza binti yake anafanya nini Tunduma, alijibu kwamba napiga chapa, na kwa kuwa kweli nilikuwa na duka la steshenari lenye kompyuta na mashine ya kutoa kopi, sikumbishia. Lakini moyo wangu haukuwa kwenye kopi. Ulikuwa kwenye lile jarida la mambo ya simu na kompyuta nililolituma kila Ijumaa alfajiri kwa yeyote aliyejiandikisha.

Wakati huo intaneti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye simu za watu wa kawaida, na bado tulikuwa tukihesabiwa mkoa wa Mbeya. Wasomaji wangu walikuwa walimu, makarani wa vyama vya kahawa, mafundi simu, na Wazambia wa upande wa pili walioanza barua zao kwa salamu ya kwao, "Mulishani mhariri". Niliwafundisha kutambua simu feki, kutunza betri, na kutonunua chaja kwa uzuri wa boksi lake. Nilikuwa mkali, sifichi. Mtu akiuliza jambo nililolieleza wiki iliyopita, nilimjibu: fumbua macho usome. Walinipenda hivyo hivyo.

Safu waliyoipenda kuliko zote haikuwa na utaalamu wowote. Niliiita "Mtandao Haushiki Wapi". Wasomaji waliniandikia mahali simu zinapokufa, kona fulani, bonde fulani, kilima fulani, nami nikapaorodhesha. Sijui nani alianzisha imani hiyo, lakini watu waliamini kwamba wakubwa wa kampuni za simu wanasoma, wataona aibu, watakuja kujenga mnara. Basi yakawa mashindano. Vijiji viligombea kuonekana. Mwalimu mmoja wa Ileje alinilalamikia kwa hasira kwamba nimekitaja kijiji cha jirani na kuacha cha kwake, wakati cha kwake ndicho chenye shida zaidi. Nikamwomba radhi, Ijumaa iliyofuata nikakiweka cha kwake juu kabisa.

Barabara ya vumbi inayotoka Mpemba kupanda Ileje niliipata kwa mdogo wangu. Yeye aliipita kila mara kwenda Mbebe kubeba mahindi, maharage na kahawa. Hakuwa mtu wa kuandika. Alinisimulia akinywa chai dukani kwangu, nami nikachapa kama alivyosema: "Ukishavuka daraja la mbao, usihangaike na simu. Hapo ni wewe na Mungu wako mpaka uione mikaratusi mitatu." Nilimwambia sentensi hiyo ni nzuri kuliko zangu zote. Akacheka, akadai soda.

Tunduma palikuwa na jarida la pili, la mfanyabiashara mmoja mwenyeji wa Tanga. Alikuja mpakani na begi la simu za kuuza, akaishia kuwa na duka kubwa la vifaa vya magari. Yeye aliwaandikia wenye malori kuhusu vifaa vya kufuatilia gari, redio, na simu zinazokaa na chaji safari nzima. Chini kabisa aliweka matangazo ya safari: gari la fulani litapanda mahali fulani siku fulani, litashuka na mzigo fulani, nafasi ipo. Wenye magari wenyewe ndio waliomwomba ayaweke, kwa sababu hakuna mwenye lori anayependa kurudi tupu.

Wazo la kuunganisha lilikuwa lake. "Dada mhariri," aliniambia, "wasomaji wako na wangu ni walewale. Tunawachosha na barua mbili. Umoja ni nguvu." Nikakaa na jambo hilo nikilitafutia ubaya, nisiuone. Nikaenda dukani kwake, tukala chapati na maharage, jirani yake akatuombea dua, mimi nikafunga kwa Baba Yetu. Kwetu hata mpaka wa shamba haufutwi bila shahidi, kwa hiyo jirani yule tukamfanya shahidi. Tulicheka sana siku hiyo, na nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeposwa.

Tangazo nililiandika mimi. Niliwaeleza wasomaji wategemee nini. Kuanzia sasa mtapata barua moja kila Ijumaa badala ya mbili. Hamna haja ya kujiandikisha upya, waliokuwa kwangu na waliokuwa kwake wote wamo. Ufundi wa simu utabaki, vifaa vya magari vitabaki, na ukurasa wa mwisho utaitwa "Barabarani", ambamo mtaona safari za wiki na, pembeni yake, mahali ambapo mtandao haushiki, ili msafiri ajue kila kitu kwa kuangalia mara moja.

Nililisoma tangazo hilo mara nyingi kabla ya kulituma. Lilikuwa safi. Hata hivyo lilinibakizia wasiwasi, kama ule wa kutoka nyumbani ukihisi umeacha jiko linawaka. Nikasema ni uoga wa jambo jipya. Nikabonyeza.

Baada ya hapo wasomaji waliongezeka, na mimi nikavimba kichwa. Sikujiuliza ni akina nani. Wasomaji wetu wa zamani hawakuweza kukaa kimya, Ijumaa ikifika sanduku langu lilijaa salamu, ubishi na pole za misiba. Hawa wapya walikuwa na anwani za herufi na tarakimu zisizosomeka, na hawakuuliza chochote. Walipokea tu, wakasoma.

Kisha lori moja likasimamishwa njia ya Kamsamba, dereva akafungwa kamba, mzigo ukaondoka. Nilisikitika kama watu wengine, ujambazi haukuanza na sisi. Baadaye mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi akaporwa bondeni, mchana kweupe, na watu waliohamisha magunia bila haraka yoyote. Neno hilo, bila haraka, lilinikaa kichwani. Mtu anayeiba bila haraka anajua kitu. Ijumaa hiyo, jarida likiwa limeshatoka alfajiri, nilifungua matoleo ya nyuma na kuyatazama kwa macho ya mtu mwingine. Lori la Kamsamba lilikuwa ndani. Bonde la yule mama lilikuwa ndani, na siku ya safari yake pembeni.

Mimi nilikuwa na nusu, na mshirika wangu alikuwa na nusu. Nusu yangu peke yake ilikuwa malalamiko ya wanakijiji. Nusu yake peke yake ilikuwa biashara. Tulizishona pamoja kwa mikono yetu, tukaziombea dua.

Nilikwenda dukani kwake moja kwa moja. Alikuwa ametoka kuswali, bado na kanzu yake.

"Majambazi hawasomi barua pepe, dada mhariri," alisema. "Hao wanasoma mifuko ya watu."

"Wewe unawajua wote waliojiandikisha?"

"Na wewe unawajua?"

Nikapiga meza yake mpaka vioo vya simu vikalia. Nikamwambia ukurasa ule ufe leo. Akasema tumewaahidi watu, tumewaandikia wategemee nini, hatuwezi kuwa vigeugeu kama wanasiasa. Nikafungua toleo la siku ile kwenye kompyuta yake nimwoneshe kwa kidole. Na hapo kidole changu kikasimama. Jumamosi asubuhi, Fuso kutoka Mbebe kushuka Mpemba, kahawa, nafasi ipo. Mwenye gari alikuwa ameleta tangazo kwake, si kwangu. Lilikuwa gari aliloendesha mdogo wangu. Pembeni yake palikuwa na daraja la mbao na mikaratusi mitatu.

Mshirika wangu aliona uso wangu akaacha kubishana.

Nilipiga simu. Yule mwanamke wa kwenye mashine akaniambia mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Bila shaka hapatikani. Alikuwa Mbebe tangu jana yake, akipakia, na Mbebe yenyewe ilikuwa kwenye safu yangu, nimeiweka mwenyewe kwa ombi la watu wake. Nilimtafuta karani wa chama cha kahawa, hapatikani. Nilimtafuta yule mwalimu aliyegombania kijiji chake, hapatikani naye. Mchana ule nilijifunza jinsi kazi yangu ilivyokuwa ya kweli, maana kila mahali nilipoandika kwamba simu haiingii, simu haikuingia.

Tukatuma barua nyingine kwa wasomaji wote: safari ya Mbebe imeahirishwa. Ulikuwa uongo wa kitoto. Maji yakimwagika hayazoleki, na barua pepe ni hivyo hivyo. Vijana wa bodaboda pale Mpemba walikataa kupanda milimani jioni ile, na siwalaumu. Gari la mshirika wangu lilikuwa limepeleka mizigo Vwawa, likarudi giza likiwa limeshaingia. Tukakubaliana tuondoke kabla jua halijachomoza.

Ilikuwa miezi ya baridi. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, taa za gari hazikumulika mbali. Mshirika wangu aliendesha kimya, midomo ikicheza kwa dua. Mimi nilitazama simu yangu tu. Tulipofika kwenye daraja la mbao, alama za mtandao zilipungua, zikaisha, kama nilivyoandika.

Mbele kidogo tukakuta matawi. Anayesafiri njia zetu anayajua. Gari likiharibika, dereva hukata matawi mabichi akayapanga barabarani kuwaonya wenzake, nao hupunguza mwendo, wakasimama, wakauliza kama kuna msaada unaohitajika. Ni adabu ya madereva, na mdogo wangu aliishika kuliko kusali. Hakuwahi kupita gari bovu bila kusimama. Matawi haya yalikuwa mabichi, yamepangwa vizuri, mengi. Tuliyapita polepole, tukatafuta gari bovu.

Hapakuwa na gari bovu.

Fuso tuliikuta baada ya kona, milango wazi, nyuma tupu. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa kando, na mpaka leo kukunjwa kwa turubai lile ndiko kunakonikasirisha kuliko vyote. Mdogo wangu alikuwa ameegemea tairi, mkono wa kulia ameufunga kwa shati lake, na shati halikuwa na rangi yake tena. Alifumbua macho, akaniona, akasema, "Dada, umefuata nini huku?"

Kushuka naye hadi hospitali sikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba tulipolivuka tena daraja la mbao, simu yangu ilianza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, wasomaji wakiuliza kwa nini safari ya Mbebe imeahirishwa.

Walimkata panga kwenye kifundo cha mkono kwa sababu aliingiza mkono mfukoni. Madaktari walimwokoa, lakini vidole havikufunga tena. Dereva asiyeweza kushika usukani sawasawa si dereva. Siku hizi yuko Ihanda na mama, anachuma kahawa kwa mkono wa kushoto, na anacheka karibu kama zamani. Mama bado hajui nilichokuwa nikifanya Tunduma. Hatujamwambia, na hatutamwambia.

Nilimuuliza mara moja tu, kule wodini, walimwambia nini. Alitazama dari.

"Walikuwa na heshima," alisema. "Mmoja alinisalimia. Nilipoingiza mkono mfukoni, akaniambia, 'Usihangaike na simu, kaka. Hapa ni wewe na Mungu wako mpaka uione mikaratusi mitatu.'"

Maneno yalikuwa yake, niliyachapa akinywa chai. Nikalia pale pale mbele ya wagonjwa, kwa sauti, na yeye, mwenye jeraha, ndiye aliyenibembeleza.

Mshirika wangu alikuja hospitali kila siku na uji wa kwao uliotiwa nazi. Hatukulaumiana tena. Tulienda polisi tukawapa anwani zote za wale wasomaji wapya. Ofisa aliyetusikiliza alituuliza barua pepe ni nini hasa, kisha akaandika kwamba mwizi hajulikani. Jarida tukalifunga. Hatukuaga, hatukutangaza.

Barua za wasomaji ziliendelea kuja kwa muda. Wengi walinipa pole, maana habari ilishafika. Wengine walinigombeza kwa kutoweka. Nilikuwa nazisoma asubuhi dukani kabla ya kufungua mlango, na ndivyo nilivyoikuta ile moja. Ilitoka kwenye anwani ya herufi na tarakimu, ambayo haikuwahi kuniandikia hata mara moja. Haikuwa na jina. Ilikuwa ya adabu, haina kosa hata moja la uandishi.

"Shikamoo mhariri. Poleni kwa yaliyotokea. Tunauliza tu, ule ukurasa wa Barabarani utarudi lini? Tulikuwa tukiutegemea."

Nilifunga kompyuta. Nje watu walikuwa wameshapanga foleni ya kopi, wananisubiri nifungue, na nilisimama nyuma ya mlango nikiwatazama mmoja mmoja kupitia upenyo.