Mkono wa Ngozi Uliojiinua Kajiado

Harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe inayoanza kukauka juani haifanani na nyingine yoyote. Ina mafuta, ina chumvi, ina kitu kinachokaribia uozo lakini kinasita kabla ya kufika huko. Juzi niliikuta nyuma ya soko la mifugo la Kajiado, mahali ambapo mama mmoja alikuwa ameitandaza ngozi chini na kuikaza kwa vigingi. Mimi, mtumishi wa umma niliyestaafu mapema kwa sababu ya macho, nikasimama pale na mkoba wangu kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Mama yule alinisalimu kwa Kimaasai, "Supa," nami nikachelewa kumwitikia. Niruhusu basi, msomaji wangu, nieleze kilichonisimamisha, kwa kuwa jambo lenyewe limesimuliwa vibaya kwa miaka mingi, na wengi wanaolisimulia hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Mkono ule niliuunda mimi pamoja na Nashipae.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Familia yetu ilikuwa imetoka magharibi mwa nchi na kupanga nyumba Kitengela, wakati ambapo pundamilia bado walikuwa wakionekana kutoka dirishani mwa darasa letu. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Kajiado na alirudi nyumbani mwisho wa juma. Nashipae nilikaa naye dawati moja. Kwao walikuwa na ng'ombe, na nyanya yake alikuwa fundi wa ngozi. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Nyokabi, ndiye aliyetuambia kwamba ng'ambo kuna viwanda ambamo mkono wa chuma hunyanyua vitu bila mtu kuugusa. Akatuonyesha kiganja chake mwenyewe, akakunja kidole polepole, akasema kwamba nguvu ya kidole haikai kwenye kidole. Inakaa huku juu, na kano ndizo zinazoivuta mpaka kule. Nilishindwa kula chakula cha mchana siku ile. Nilikaa nikikunja na kukunjua vidole, nikiona kano zikicheza chini ya ngozi yangu kama kitu kilichofichwa kwangu tangu kuzaliwa.

Tulianza kuunda. Mfupa wa mkono ulitoka kwenye mbao za kreti. Vidole vilikuwa vipande vya bomba la plastiki la maji, vilivyounganishwa mgongoni kwa raba za tyubu ili vijinyoshe vyenyewe vinapoachiliwa. Roda, yaani vile vigurudumu vyenye mfereji ambavyo kamba hupita juu yake, tuliziunda kwa reeli tupu za uzi tulizopewa na fundi cherehani, na roda kubwa ya kiwiko ilikuwa vifuniko viwili vya mikebe ya mafuta ya kupikia, vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo. Nyuma kabisa kulikuwa na pete za kuvutia kamba, kila kidole na pete yake.

Mkono haukukubali. Kila tulipoinua kiwiko, vidole vyote vilijikunja bila kuombwa, kwa sababu kamba zilizopita kwenye kiwiko zilivutwa nacho. Mwalimu Nyokabi alitusaidia kwa waya za breki za baiskeli kuukuu: waya hupita ndani ya ganda lake, na ganda likipinda, waya haubadiliki urefu. Lakini waya zilizopatikana zilitosha kidole cha shahada na cha kati pekee. Kwa gumba, kidole cha pete, kidole cha mwisho na kiwiko chenyewe, hatukuwa na kitu. Kamba ya nailoni ilivutika kama mlenda.

Nashipae ndiye aliyekuja na kanda za ngozi mbichi, zimekatwa nyembamba na kulowekwa usiku kucha ndani ya beseni. Kanda za vidole tukazipitishia njia yake pembeni, mbali na kiwiko, na ukanda wa kiwiko juu ya roda yake kubwa. Ziliteleza juu ya roda bila sauti. Mkono ukashika kikombe cha bati, ukakiinua, ukakirudisha mezani, nasi tukarukaruka mpaka majirani wakatoka.

"Na ikikauka?" nilimwuliza.

"Ngozi ikikauka inashika zaidi," akajibu kwa fahari. "Nyanya akifunga kiti na ngozi mbichi, hiyo kiti haivunjiki tena. Wewe ngoja tu."

Hilo tulilichukua kuwa sifa.

Maonyesho ya sayansi yalifanyika uwanjani, Kajiado, siku ya jua kali na upepo mkavu. Meza yetu ilikuwa mstari wa mbele, bila kivuli. Wavulana wa shule ya jirani walituzunguka wakiziba pua. "Hii mkono yenu inanuka bucha! Mnauza kilo ngapi?" Nashipae aliwajibu kwa Kimaasai maneno ambayo hajakubali kunitafsiria hadi leo. Baba alikuja kutoka ofisini, amevaa koti lake la pekee, akasimama karibu na ua wa uwanja pamoja na wazee wengi wa mji waliokuja kumwona mgeni wa heshima.

Hapa ni lazima nieleze hali ya wakati ule, kwa ajili ya vijana. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni. Aliyeunga mkono chama kilichotawala aliinua kidole kimoja. Wa upinzani aliinua viwili. Huo haukuwa mchezo. Watumishi wa serikali waliangaliwa hata namna walivyowapungia watoto wao. Darasani tuliagizwa kuinua kiganja kizima tukitaka kujibu, na aliyesahau alichapwa kabla jibu halijatoka kinywani.

Mgeni wa heshima, mkuu mmoja wa serikali ambaye sitamtaja, alichelewa sana. Hotuba za kumsubiri zilikuwa ndefu. Jua lilifanya kazi yake. Nikaona gumba la mkono wetu limejikunja kidogo, nikalinyoosha, likajikunja tena. Nikamnong'oneza Nashipae kwamba tutafute maji, lakini msafara ulikuwa umeshaingia na tukaamriwa tusiondoke mezani.

Alipita akiwagusa watoto vichwani, kama wafanyavyo wazee wa huko, na kila mtoto aliinamisha kichwa kuipokea salamu. Alipotufikia, mimi na Nashipae tuliinama. Ndiyo sababu hatukuona mwanzo wake. Tulisikia tu. Roda ya kiwiko, iliyokuwa imegandamana kwa mafuta ya ngozi, iliachia kwa mlio kama wa mlango wa zizi.

Niliinua kichwa. Mkono wetu ulikuwa umesimama wima mbele ya uso wa mkuu yule. Gumba, kidole cha pete na cha mwisho vilikuwa vimefumbwa barabara na ngozi iliyokauka. Kidole cha shahada na cha kati, vyenye waya za breki, vilikuwa vimenyooka juu kwa raba zake, vikitetemeka kwa upepo.

Askari mmoja aliruka akavikandamiza vile vidole kwa kiganja chake. Alipoondoa kiganja, vikainuka. Akavikandamiza tena. Vikainuka tena. Mtu fulani nyuma akakohoa kicheko akakimeza.

"Mwalimu," mkuu akasema kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "hii ni nini?"

"Ni mkono, mheshimiwa," akajibu Mwalimu Nyokabi.

"Naona ni mkono. Inasalimia nani?"

Akauliza watoto hawa ni wa nani, na Baba akatoka kwenye ua, akavuka uwanja ule mtupu akiwa ameshika kofia yake. Hakumtazama mkuu kwanza. Aliniinamia.

"Ni nini kimeuinua?"

"Ni ngozi, Baba. Imekauka ikajivuta."

Akageuka, akasema kwa sauti aliyotumia kusoma kumbukumbu za mikutano: "Mheshimiwa, ni ngozi imekauka ikajivuta. Hakuna mtu aliyeuinua."

Mkuu akasogea meza ya pili, akasifu mfano wa volkano.

Jioni ile ile, chumbani kwa Baba kule Kajiado ambako nililala kwa sababu ya maonyesho, alikuja bwana mmoja kutoka ofisini kwake. Niliwasikia kupitia pazia. Bwana yule alikuwa akimsihi, kwa kweli, si kumtisha. "Ndugu yangu, sema tu huyo mwalimu ndiye alifunza watoto hiyo alama. Wewe utabaki kwa kazi yako. Yeye hana watoto, atapata kazi mahali." Baba akajibu kwamba mwalimu hakufundisha alama, alifundisha kano. Akamfungulia mgeni mlango.

Mwalimu Nyokabi aliendelea kutufundisha. Baba alihamishiwa upande wa Rombo, karibu na mpaka, akawa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, amejaa vumbi hadi kope. Hakupandishwa cheo tena. Mama alimfungia sanduku bila kusema neno, jambo ambalo kwa Mama lilikuwa kilio.

Mimi, kwa akili ya mtoto, nilimhurumia yule mkuu. Niliamini hakujua. Kwa miezi kadhaa nilijizoeza maelezo mazuri juu ya ngozi na maji na jua, nikiamini kwamba siku moja nikimweleza taratibu, atashtuka, ataomba radhi, na Baba atarudi.

Nilikutana naye miaka ya elfu mbili, Illasit, katika mkutano wa wakulima nilikotumwa kikazi. Alikuwa amestaafu, analima vitunguu. Aliposikia jina langu akacheka kwa furaha ya kweli.

"Wewe ni binti wa yule karani! Ule mkono wenu, mliweka ngozi mbichi. Niliona hata kabla sijafika mezani. Nikasema, hawa watoto, hii jua itawaonyesha."

"Mzee, ulijua?"

"Msichana wangu, mimi nimelala juu ya ngozi mpaka nikawa morani. Nani hapo hakujua?"

"Basi kwa nini uliuliza unamsalimia nani?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Watu hawakuwa wanaangalia mkono. Walikuwa wananiangalia mimi."

Sijapona mshtuko ule, na sikusudii kupona. Maelezo yangu yote niliyoyahifadhi tangu utotoni hayakuwa na wa kupelekewa. Wazee wale wote waliosimama kando ya ua, waliokuwa wakikaza ngozi kwa vigingi tangu ujana wao, walijua mara tu roda ilipolia. Askari aliyekandamiza vidole alijua. Bwana wa nyuma ya pazia alijua. Katika uwanja ule wote, mtu mzima pekee aliyesema kwamba ni ngozi alikuwa yule mgeni kutoka magharibi ambaye hakuwahi kuishughulikia ngozi maishani mwake. Hakuwa na ujuzi wowote wa kuegemea. Alimwuliza binti yake, akaambiwa, akaamini.