Leseni ya Nzembi

Mwaka wa 2004 Nzembi Mulinge aliteuliwa kuwa mwanachama wa baraza linalosimamia watu wa maabara, na sisi wenye maabara hapa Kitengela tukakosa amani. Mimi na yeye tulikuwa majirani, maabara yake na yangu mlango kwa mlango, lakini kazini hakujua ujirani. Asubuhi moja aliingia kwangu bila hata salamu.

"Katee, leseni iko wapi?"

"Iko kwa droo, madam."

"Mgonjwa ataisoma kwa droo? Funga mlango mpaka uitundike ukutani!"

Nikafunga, nikaanza kutafuta msumari huku nikimtukana kimoyomoyo. Mzee Hilowle, mfanyabiashara wa mbuzi, akaja akitetemeka kwa homa. Nikamweleza kwa nini nimefunga, akaenda kwa Nzembi. Ukuta wetu ni wa mbao, kwa hivyo nilisikia kila neno.

"Daktari, hiyo karatasi unafungia watu, yako iko wapi?"

Sote tulijua ilipo. Mama yake aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni kwake Machakos, kati ya picha ya harusi na kalenda ya kanisa, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nzembi hakubishana. Alijiandikia barua ya onyo, akapiga muhuri, akatia sahihi ya mtoaji na ya mpokeaji, akafunga maabara yake kwa kufuli. Kisha akamleta Hilowle kwangu. Nikanyoosha shingo kwa maringo, nikingoja aniombe msamaha.

Aliangalia ukuta wangu, nilipokuwa nimeshaitundika leseni.

"Mpime mzee," akasema. "Na hiyo leseni imelala upande. Inyooshe."