Maandishi ya Kwenye Sementi

Niseme wazi: familia iliyoishi nyumba hii kabla yangu niliichukia kabla sijamwona hata mtu wao mmoja. Unanunua nyumba ya zamani mtaa wa Igogo, kupitia kwa dalali, unadhani umenunua nyumba, kumbe umenunua na watu. Misumari kila ukuta. Fremu ya mlango wa jikoni imechorwa mistari ya penseli, watoto walipokuwa wakipimwa urefu. Nyuma ya kabati nikakuta rozari iliyokatika, kitana chenye nywele na kadi ya kliniki iliyoliwa na mende. Nilikwangua, nikachoma, nikapaka rangi. Mistari ya penseli ikajitokeza tena. Nikapaka mara ya pili huku nawatukana.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha. Uani palikuwa na kipande cha sementi, upana wa sinia, na mtu alikuwa amekiandika kwa kijiti kikiwa kibichi: MTOTO AMERARA MSIPIGE KERERE. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miaka yote napigana na hizo r na l za huku kwetu, leo nimeletewa mfano mpaka nyumbani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake niliiandika sentensi hiyo ubaoni, darasa la tano, nikawaambia wasahihishe, na nikawasimulia nimeitoa wapi. Darasa zima likaangua kicheko.

Jumamosi hiyo fundi alikuja kuchimba msingi wa jiko la nje, na kile kipande kilikuwa katikati ya njia. Alishakipiga sururu moja, kikapata ufa, mara mwanamke akaingia getini bila hodi. Mkononi ana daftari la shule.

"Shikamoo, mwarimu."

Sikuitikia. "Wewe nani? Na hodi hujui?"

Akafungua daftari. Lilikuwa la binti yake, mwanafunzi wangu. Akaweka kidole kwenye ile sentensi iliyosahihishwa, pembeni yake alama yangu nyekundu ya vema.

"Ni mimi niriandika hapo," akasema. "Huyo ni mdogo wangu."

Fundi akaweka sururu chini.

Alieleza akiwa amesimama palepale. Mama yao alijifungua, mtoto akaishi siku tatu. Wanawake wakamzika uani, karibu na ukuta, kama kwao walivyozika vichanga, juu wakafunika kwa sementi. Watoto wengine wakaambiwa amelala. Yeye alikuwa darasa la pili, akaogopa wanaocheza mpira uani watamwamsha, ndipo akaandika. Sasa mama naye amefariki, wamemzika wiki mbili zilizopita, na kabla ya kufa aliomba kitu kimoja tu: aletewe mwanawe, alazwe naye. Yule mwanamke alikuwa bado anatafuta namna ya kunikabili. Daftari likammalizia woga.

Mnadhani nililainika? Wapi! Aibu ilinipanda, ikatoka kama hasira. "Mmeniuzia nyumba na maiti ndani," nikafoka, "halafu unakuja kunipandishia sauti kwangu! Siku zote mlikuwa wapi?" Fundi, mtu mzima kunizidi, akasema taratibu, "Mama, acha." Nilimchukia kwa kuwa alikuwa sahihi.

Fundi alikiinua kile kipande, yule mwanamke akapiga magoti na kuchimba kwa mikono yake. Hakutaka sururu iguse. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Hakuna mfupa, hakuna kitambaa, udongo mweusi tu. Mtoto wa siku tatu haachi kitu. Lakini aliendelea kuvunja kila bonge kwa vidole, moja baada ya jingine, akiangalia ndani. Hapo nikalia, na nikaudhika kwamba ananiona nalia.

Mwishowe akajaza udongo kwenye kitenge, akakifunga mafundo mawili, akakipakata. Fundi akamfungulia geti. Nikamfuata mpaka nje, majirani wanatazama, nikamwambia anisamehe, mimi nisiyewahi kumwomba mtu msamaha mtaani.

Alikaza mafundo ya kitenge. Wala hakuonekana na hasira.

"Jumatatu mwanangu haji kwako, mwarimu," akasema. "Nimeshaomba uhamisho."